Wewe fundi wa kaunta uliyeniambia "jiwe linapumua", uzi wako huu hapa

Wakuu, nimetoka jikoni sasa hivi na mikono inatetemeka, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukana mnivumilie. Jina sitaji. Sina haja, mnamjua. Yule yule wa kaunta za mawe, mwenye penseli sikioni, anayejibu "hakuna shida" kabla hujamaliza kueleza shida.

Nilichagua marumaru nyeupe. Nikamwambia kwa mdomo, nikamwandikia na meseji: SITAKI ya kung'aa. Nataka iliyosuguliwa ikaachwa mat, ile ukipitisha kiganja ni laini lakini taa ya juu haijioni humo. Na sababu nikampa. Marumaru ni kalisiamu kaboneti, asidi yoyote inaila: limau, siki, nyanya. Kwenye ya kung'aa kila tone linaacha baka lililofifia, ukisimama upande wa dirisha unaliona lote. Kwenye mat baka linatokea pia, ila halionekani sana, maana hakuna mng'aro wa kuharibu. Akaitikia vizuri kabisa. Hakuna shida dada.

Kaleta nini? Kioo! Nimejiona mpaka kope. Ndege akipita nje namwona tumbo kwenye kaunta. Nauliza, naambiwa "hii ndiyo bora, na tumeshaipiga sila, haipiti kitu". Usiku ule ule kipande cha limau kikalala kifudifudi kando ya sinki. Asubuhi pana duara, limechorwa utadhani kwa bikari, ukipitisha ukucha unasikia pamekwaruza.

Nikamwita. Hapa ndipo naomba mkae chini. Kaja, kofia hajavua, kalamba kidole gumba, KALAMBA, kasugua lile duara kwa mate yake juu ya kaunta ninayokatia chakula, kainama kulitazama, kanyanyua uso: "Dada, hili ni jiwe. Jiwe linapumua. Liache lipumue."

Linapumua! Limekaa ardhini mamilioni ya miaka halijawahi hata kupiga chafya, limefika kwangu ndo linataka hewa!

Na hiyo sila anayojivunia, kazi yake ni kuziba vitundu ili mafuta na rangi visizame. Asidi haizuii. Asidi haizami ndani kutia doa, inakula uso wenyewe wa jiwe. Doa na kuliwa ni vitu viwili tofauti kabisa, na mtu anayekata mawe kila siku anajua. Ila kulamba kidole ni rahisi zaidi.

Namwambia basi rudi na mashine uisugue iwe mat kama tulivyokubaliana. Eti "ikishang'arishwa imeng'arishwa". Muongo! Mng'aro unakuja kwenye pedi za almasi za mwisho mwisho, mat ni kusimama mapema kwenye ngazi hizo hizo. Unarudi na pedi ya namba 400 au karibu na hapo, unasugua kwa maji pale pale jikoni bila kung'oa hata kipande. Inawezekana, hataki tu. Kazi yake kulamba.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. Alilamba kidole mbele yangu, wakuu. MATE.

---

SufuriaTupu: Pole sana mtoa mada. Lakini umelaza limau na marumaru usiku kucha, ulitegemea asubuhi wakuzalie nini?

MsasaMia: Tatizo ni marumaru yenyewe. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kalisaiti, ndiyo madini ya marumaru, ni 3, kwartzi ni 7. Graniti ina kwartzi na felspa, asidi ya limau haiziwezi, likiimwagikia futa uendelee na maisha. Marumaru weka bafuni.

Mtoa mada: Sijaomba ushauri wa jiwe. Nimesema mtu mzima kalamba kidole akasugua kaunta yangu.

MsasaMia: Bafuni pia angelamba?

KiganjaCheusi: Afadhali wewe una duara moja. Mimi nilishauriwa graniti nyeusi, mat, eti ndiyo yenye hadhi. Wee! Kila anayeigusa anaacha vidole vitano vya mafuta. Jikoni kwangu panafanana na eneo la tukio, polisi wakija wanapata alama za ukoo mzima. Halafu ule weusi nilioupenda kwenye bamba linalong'aa haupo, mat imeugeuza kijivu. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba mng'aro ndio unaokoleza rangi.

BrashiYaMeno: @KiganjaCheusi ungechukua ile yenye umaliziaji unaoitwa wa ngozi. Inapitishwa brashi za almasi, uso unabaki na mawimbi madogo, rangi haipotei sana na alama za vidole huzioni.

KiganjaCheusi: Mbona jina lako BrashiYaMeno?

BrashiYaMeno: Kwa sababu unga ukiingia kwenye hayo mawimbi hautoki kwa kitambaa. Sitaki kuongelea.

SufuriaTupu: 😂😂😂

Mtoa mada: Naomba turudi kwenye mada. Nimesimama hapa nalitazama lile duara, na nikiligusa nakumbuka kile kidole.

GrendaNaMaji: Mimi ni fundi mawe, nitasema na mtanitukana. Huyo mwenzetu kakosea, aliandikiwa mat alete mat, na hata sasa inasuguliwa pale pale. Kulamba sitetei. Lakini na nyie wateja mnachagua kwa picha ya simu! Ombeni kipande cha sampuli cha bamba LILE LILE, chenye umaliziaji ule ule, mkae nacho nyumbani. Dondosheni maji, mkirudi baada ya robo saa pamekuwa peusi, jueni linanyonya, mat inahitaji sila mara nyingi kuliko ya kung'aa. Pakeni mafuta. Wekeni limau. Na kama umeuziwa "kwarzaiti", lile jiwe gumu la asili lililojaa kwartzi, na limau linaacha baka, hiyo siyo kwarzaiti, ni marumaru iliyobadilishwa jina.

NusuKabati: Ngoja. Mimi nina kwarzaiti. Naenda kujaribu kwenye kona nyuma ya birika.

Mtoa mada: Fundi unakubali kwamba inasuguliwa pale pale? Wakuu mmesoma? INASUGULIWA.

NusuKabati: Wakuu.

NusuKabati: Limeacha baka.

MsasaMia: Weka picha.

NusuKabati: [picha] Nililipa bei ya kwarzaiti!!! Tena aliniambia ni ngumu kuliko graniti, kisu ndicho kitakachoumia!

GrendaNaMaji: Kwarzaiti yenyewe kweli inashinda kisu. Hiyo ya kwako sasa... pole.

KiganjaCheusi: Weka na risiti. Imeandikwaje?

NusuKabati: "Jiwe jeupe, la kifahari."

SufuriaTupu: Hapo hata hakimu atalamba kidole.

MezaSafi: Ndiyo maana mimi nilikimbilia ile kwartzi ya kiwandani, ya mawe yaliyosagwa yakashikwa kwa gundi. Sila haitaki, limau halina shida nayo.

GrendaNaMaji: Haina shida kwako. Anayeikata anavuta vumbi la silika, na hiyo ya kiwandani ina silika nyingi kuliko mawe karibu yote. Australia waliipiga marufuku kuanzia 1 Julai 2024 kwa sababu ya mapafu ya mafundi. Hata graniti ukikata kavu unajiua. Maji, barakoa, kila siku.

MezaSafi: Mimi sikuikata, nimeiwekea sufuria ya moto tu, sasa ina alama ya njano.

GrendaNaMaji: Ni gundi ya resini hiyo imeungua. Haitoki.

MezaSafi: Mbona hawakusema!

NusuKabati: Jamani mimi na kaunta nzima ya uongo hapa tunafanyaje?

MsasaMia: Hivi ile graniti iliyochomwa uso kwa moto haifai jikoni? Naona inavutia.

GrendaNaMaji: Ile moto unapasua fuwele za juu, inabaki na makwaruzo. Ni ya ngazi za nje watu wasiteleze. Ukiiweka jikoni utasaga vitambaa.

BrashiYaMeno: Na brashi.

Mtoa mada: Naona mmeshanisahau. Duara bado lipo.

VujaTaratibu: Samahani wakuu, nje ya mada kidogo, sinki langu lililofungwa chini ya kaunta linavuja pembeni, na ile silikoni imeota ukungu mweusi. Nani anajua inatolewaje bila kukwaruza jiwe?

KiganjaCheusi: Wembe wa plastiki, taratibu. Nani alikufungia?

VujaTaratibu: Yule wa ngazi fupi, anayeomba chai kabla hajaanza.

NusuKabati: HUYO! Na kwangu bomba kalifunga moto kulia, baridi kushoto!

MezaSafi: Kwangu kaondoka na bisibisi yangu. Mfungulieni uzi wake.