I-70 kwenda Vail: mwenye tairi kipara anatelezea, tunaoadhibiwa ni sisi!

Wakuu, mods msiunganishe huu uzi, leo nina hasira.

Mlioko Denver na Aurora, hapa Colorado, Marekani, mnanielewa. Kwa wengine: Denver hadi Vail, mji wa mlimani wa watalii wa kuteleza kwenye theluji, ni kama kilomita 160, chini ya saa mbili barabara ikiwa kavu. Jumamosi ya theluji? Beba chakula. Mnapanda nyote barabara kuu ya I-70 hadi handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,300 kutoka usawa wa bahari. Ukitaka kulikwepa kuna Loveland Pass, barabara inayopita juu ya mlima, kona tupu, na dhoruba ikija hufungwa. Ikifungwa, malori ya mafuta, ambayo kwa kawaida hayaruhusiwi handakini, inabidi yapitishwe humo humo kwa zamu, na sisi wengine tunasimamishwa tuyasubiri.

Hayo ni ya Mungu, sigombani nayo. Ninachogombana nacho ni tairi.

Sheria ipo. Septemba hadi Mei, kipande cha I-70 kati ya Morrison na Dotsero, gari liwe na tairi za kuhimili theluji zenye mifereji ya kina cha kama milimita 5, au ubebe minyororo. Sasa nielezeni, kampuni ya kukodisha magari inampaje mtalii gari lenye tairi kipara, mwezi Januari, na amewaambia wazi anakwenda Vail? Jamaa kafika mlimani kabla ya handaki, gari likazunguka, likalala njia mbili. Kashuka na raba zake, anapiga picha! Faini ya kuziba barabara inamkuta yeye dereva. Kampuni iko uwanja wa ndege inakabidhi funguo kwa mwingine.

Nyuma yake tuko sisi kwenye van, hatuendi kuteleza, tunakwenda kutandika vitanda vya wanaoteleza. Tumefika zamu imeshaanza, msimamizi kakata saa zetu. Eti tungetoka mapema. Mapema ipi, tulitoka usiku!

Na msiniambie treni. Winter Park, mji mwingine wa kuteleza, wanayo, inapita handaki la Moffat la tangu 1928, abiria anashuka karibu kabisa na lifti za kupandia mlimani. Vail hakuna.

Kuna aliyewahi kukatwa saa kwa sababu ya barabara kufungwa akadai akalipwa? Alianzia ofisi gani? Wenye "rudi nyumbani" piteni kimya kimya.