Barua pepe za ofisi: zibaki kwenye seva au zishushwe kwenye kompyuta? Naomba ushauri (Mwanza)

Binti_wa_Igogo

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie kabla ya Ijumaa, bosi anataka jibu.

Nipo ofisi ndogo hapa Igogo, tuko wanne na sote tunatumia sanduku moja. Kazi yetu ni nyaraka za mizigo ya minofu ya sangara inayokwenda nje: ankara, vyeti vya afya, orodha za upakiaji. Vyote vinapita kwenye barua pepe. Sanduku letu kwenye seva (kompyuta ya kampuni inayotutunzia barua mtandaoni) ni GB 5, na tangu mwezi uliopita kila asubuhi linatoa onyo kwamba linakaribia kujaa. Fundi wetu anasema dawa ni kushusha barua zote kwenye kompyuta yangu, halafu kuzifuta kule. Bosi ameafiki, anataka siri za kampuni zikae ndani ya ofisi, si kwa watu tusiowajua.

Mimi roho inasita. Masika iliyopita radi ilipiga usiku, asubuhi nikakuta kompyuta ya zamani haiwaki. Ilipofunguliwa ilinuka plastiki iliyoungua. Diski ikajaribiwa kwenye mashine nyingine, ikalia tik, tik, tik, kisha kimya. Wiki hiyohiyo mnunuzi mmoja akalalamika kwamba uzito wa mzigo si ule tuliokubaliana. Nikaenda meza ya mwenzangu, nikafungua sanduku, barua ya mnunuzi huyo ya miezi saba nyuma ikawa ipo, kilo amezitaja mwenyewe. Shauri likaisha siku hiyo. Ingekuwa kwenye diski ile peke yake, ningejibu nini?

Lakini bosi naye ana hoja. Tufanyeje?

Fundi_Kirumba

Dada, kwanza fungua mipangilio ya akaunti uangalie kama mmeunganishwa kwa POP au kwa IMAP, yaani njia mbili za programu ya barua kuwasiliana na seva. Huko ndiko ugomvi ulipo.

POP hushusha barua za kikashani tu, na kwa kawaida huziondoa kwenye seva, papo hapo au baada ya siku ulizopanga. Zile mnazotuma hubaki kwenye mashine iliyozituma. Mwenzako akimjibu mteja kutoka meza yake, wewe hulioni jibu hilo. Watu wanne sanduku moja, POP itawagombanisha.

Kwa IMAP makazi ya barua ni seva, na kompyuta zote zinaona kitu kimoja. Ila hapa ndipo watu wanapoumia: IMAP ni kioo. Ukifuta kwako, imefutika kwenye seva na kwa wenzako wote. Nimempokea mteja aliyekuwa na barua kwenye kompyuta tatu, akaamini ana akiba tatu. Kijana wa ofisini alifuta folda moja ili apate nafasi. Kompyuta ya pili na ya tatu nazo zikafuta, na mteja mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya mojawapo akiangalia.

Kwa hiyo msichague kimoja. Barua zikae kwenye seva, halafu mtengeneze akiba ambayo haina uhusiano wowote na seva hiyo.

Mkerewe_Nansio

Natofautiana kidogo na mkuu hapo juu. Huku kisiwani mtandao si wa kutegemea. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima intaneti ilisuasua. Wenzangu wanaofungulia barua kwenye kivinjari walikaa bila hata namba ya oda. Mimi zangu zote za nyuma nilizisoma kama kawaida, kwa sababu ziko kwenye laptopu. Kazi haisubiri bando.

Fundi_Kirumba

Mkuu, hoja yako ni nzito na siipingi. Ila hata IMAP inakupa hilo. Programu ya barua ya Thunderbird ukiiacha ilivyo, huweka nakala kwenye mashine. Outlook, programu nyingine ya barua, ina sehemu ya kuchagua barua za muda gani zisomeke bila mtandao, hakikisha imefika kwenye "zote". Mtandao ukikata unasoma, ukirudi inajipanga yenyewe.

Mhasibu_Nyamagana

Dada, usikubali kufuta kwa pupa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, na ankara iliyokuja kwa barua pepe ni kumbukumbu kama ile ya karatasi.

Kuhusu siri, mwambie bosi kwa heshima kwamba "ndani ya ofisi" na "salama" ni vitu viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inawahusu hata taarifa zikiwa kwenye meza yenu. Kompyuta ikiibiwa na ndani mna nakala za pasipoti, na diski haijafungwa kwa nenosiri, mtajibu nini?

Binti_wa_Igogo

Asanteni sana. Nimeangalia: ni IMAP, tunatumia Outlook. Kumbe tupo pazuri. Lakini nafasi je? Zimebaki MB 300 tu.

Fundi_Kirumba

Panga barua kwa ukubwa, utashangaa. Kiambatisho kikisafiri kwenye barua hugeuzwa maandishi na kuongezeka karibu theluthi, faili la MB 6 linakula kama MB 8. Cheti cha ukurasa mmoja msikiskani kwa rangi kama hakuna ulazima. Na muulizeni mwenye seva bei ya nafasi zaidi, mara nyingi ni nafuu kuliko mnavyodhani.

Akiba: tengeneza faili la PST (faili la Outlook la kuhifadhia barua kwenye kompyuta) la kila mwaka. Nakili barua humo, usihamishe. Linganisha idadi, fungua chache zenye viambatisho uone kama zinafunguka. Kisha funga Outlook na unakili faili hilo kwenye diski mbili za nje zilizofungwa kwa nenosiri. Hapo ndipo ufikirie kufuta mwaka wa zamani kabisa kwenye seva. Mambo mawili uyashike: faili la OST, ile nakala Outlook inayojiwekea ya yaliyomo kwenye seva, si akiba, halifunguki kwenye kompyuta nyingine kwa njia ya kawaida. Na PST msiiweke kwenye folda ya pamoja ya mtandao, huharibika.

Mama_Buzuruga

Mdogo wangu, ukimaliza kunakili CHOMOA diski. Yangu niliiacha imechomekwa usiku wa mvua, radi ikaichukua pamoja na kompyuta. Picha za msiba wa baba zilikuwa humo.

Binti_wa_Igogo

Pole sana dada yangu. Nimekusikia.

Wakuu, mrejesho. Bosi amekubali baada ya kumsomea ile habari ya kompyuta tatu, na ameomba bei ya kuongeza nafasi. Jana nimenakili mwaka 2021. Seva ilisema 3,412, faili langu 3,409. Nimezitafuta zile tatu saa nzima, kumbe umeme ulikatika katikati ya kunakili, na mojawapo ilikuwa na cheti cha afya. Nimezirudia, sasa zinalingana. Sijafuta chochote. Diski moja ipo kwenye sefu la bosi, ya pili naondoka nayo leo kwenda nyumbani Nyegezi. Kesho naanza 2022.