Boti mbili za faiba futi 19: ipi ya kubebea familia, Kunduchi hadi Mbudya?

BabaPacha
Wakuu, habari za leo. Nimepata boti mbili za faiba, zote zimetumika, zote futi 19 kwa 6, bei zinakaribiana. Ya kwanza tumbo lake limechongoka kama V, ina mashine ya nguvu farasi 40 ya kuchanganya oili. Ya pili ni bapa chini, mashine ni 40 pia ila haichanganywi oili.

Tupo sita: mimi, mama watoto, watoto watatu, na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Safari zetu ni kisiwa cha Mbudya Jumapili, mara mojamoja kisiwa cha Bongoyo, hapa Dar. Ile bapa mama aliipanda bila kushikwa mkono, ndiyo maana inanivuta.

Mzawa wa Msasani
Mkuu, bapa ni tamu asubuhi. Msimu wa kusi mnaondoka saa tatu bahari imelala, mnarudi saa tisa imechafuka. Bapa haikati wimbi, inalipiga. Nilirudi nayo kutoka Bongoyo na binti yangu wa miaka saba. Omo, yaani mbele ya boti, inanyanyuka, inatua pwa! Inanyanyuka tena. Alishika benchi kwa mikono miwili, chumvi imemjaa usoni, hakutoa neno mpaka Msasani. Mwaka mzima alikataa kupanda boti, na iliniuma sana. Mimi huchagua boti kwa safari ya kurudi. Chukua V, na bibi mkalishe nyuma. Mbele ndiko kunakorusha.

Mama Tegeta
Naomba nimtetee bibi. V ikisimama, mtu akikanyaga ukingo inainama. Kwa mwenye magoti mabovu hilo si jambo dogo, maana mtu huanguka wakati wa kupanda na kushuka. Halafu kuna maji kupwa. Bamvua la mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kina hupungua zaidi ya mita 3, na pale Kunduchi unaachwa mbali na ufuko. V inakwama mapema na kulala ubavu, bapa inakuja mpaka maji ya magoti. Ukichukua V, panga safari kwa jedwali la maji kujaa na kupwa, usipange kwa saa ya chakula.

Fundi Faiba
Ndugu zangu, mbona hamjauliza ubao wa nyuma unaobeba mashine? Ugonge kwa mpini wa bisibisi, inchi kwa inchi. Ikiita ko-ko kavu, ni mzima. Ikiitika du, zito kama papai lililoiva, mbao ya ndani imeoza hata kama rangi inang'aa. Kisha shika mashine uitikise kwa nguvu; ubao ukicheza, achana nayo.

Kuhusu mashine: ile ya kuchanganya kwa kawaida ni lita 1 ya oili kwa 50 za petroli, ukipunja unaua pistoni. Inakunywa zaidi na ina moshi, ila fundi wake hakosekani. Zote mbili, angalia maji yanayorushwa na kile kitundu cha nyuma. Yakidhoofika, impela, yaani kifeni cha pampu ya maji ya kupoza mashine, imekwisha.

Watu sita sawa. Kanuni ya walinzi wa pwani wa Marekani kwa boti za chini ya futi 20 ni urefu mara upana, gawa kwa 15. Yako inatoa saba, tena bahari ikiwa nzuri. Usimwongeze jirani. Na ulizia cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla ya kutoa hata shilingi.

BabaPacha
Nimerudi, wakuu. Nimezigonga zote mbili. Bapa imeitika du upande wa kulia, eneo la viganja viwili, na mashine ikitikiswa ubao unacheza. Mwenyewe alikuwa amesimama pale, naye akanyamaza. V inaita kavu kote na cheti nimekiona.

Mama Tegeta, nimekusikia. Seremala ananichongea ngazi ya vidato vinne yenye kishikio, na tutapandia maji yakiwa yamejaa. Majaketi sita nimeshanunua, matatu ya saizi ya watoto. Hela bado sijatoa. Jumamosi tunaijaribu saa tisa alasiri, na mama atakaa nyuma, pembeni yangu.

Mzawa wa Msasani
Saa tisa ndiyo yenyewe. Ile kamba ya kuzimia mashine ifunge mkononi tangu ufukweni.