Ushauri: Kupima metali nzito kwenye mashapo ya Mikindani baada ya dhoruba

Tope_la_Mikindani: Salaam wakuu. Mvua na mawimbi ya dhoruba vimeingiza tope jingi Ghuba ya Mikindani. Nataka kujua kama risasi, shaba, zinki na kadimiamu vimepanda kwenye mashapo (tope na mchanga uliotuama chini). Shida ni kwamba sina vipimo vya kabla ya dhoruba, na fedha ya maabara inatosha sampuli 30 tu. Nizigawe vipi?

Bamvua: Mkuu, usizimalize kwa kuchota juu juu. Vipimo vya "kabla" viko hapo hapo chini ya tope jipya. Chukua bomba la PVC la inchi 3, urefu sm 60, noa mdomo mmoja. Maji yakipwa wakati wa bamvua, lizamishe wima, lijaze maji kwa juu, kisha uzibe kabisa kabla ya kuvuta. Usipoziba, tope litachomoka lote kwa chini. Kata kila sm 1 kwa kisu cha plastiki na utupe ukingo uliogusa bomba, maana tope la juu huburutwa pembeni hadi chini. Kwepa penye matundu ya kaa, kwani wanachanganya tabaka.

Mgawo: mabomba mawili, vipande 8 kila moja (vilivyobaki gandisha), vituo 9 vya sm 2 za juu, marudio 2 (sampuli ileile kupimwa tena), sampuli tupu 1 (isiyo na tope, kuonyesha uchafu wa vifaa), mashapo rejea yenye viwango vilivyothibitishwa 2. Hizo ni 30.

Chekeche63: Naongezea jambo linaloharibu tafiti nyingi za baada ya dhoruba. Mawimbi huchukua tope laini na kuacha mchanga, na metali hushika zaidi kwenye tope. Namba itashuka hata kama uchafuzi uko palepale. Kwa hiyo chekecha mikroni 63 na upime tope laini linalopita, kwa chekeche ya nailoni (ya shaba nyeupe itakuachia shaba na zinki), halafu gawanya kila metali kwa alumini, ambayo huonyesha wingi wa tope laini. Linganisha uwiano huo na wa vipande vya chini vya bomba lako. Usilinganishe na wastani wa dunia wa metali kwenye miamba, hauijui miamba ya huku kwetu.

Uliza pia maabara inayeyusha kwa asidi gani. Mchanganyiko wa hidrokloriki na nitriki hauyeyushi alumini yote iliyo ndani ya madini ya silika. Ukitaka jumla kamili lazima hidrofloriki, na hiyo ni hatari kubwa, waachie wenye mafunzo na vifaa vyake. La muhimu, sampuli zote zipite njia moja.

Tope_la_Mikindani: Asanteni. Chumvi niioshe kwa maji safi kwanza?

Chekeche63: Hapana, utaondoka na kadimiamu. Pima unyevu, kadiria chumvi iliyobaki baada ya kukausha (gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji ya bahari), uitoe kwenye uzito mkavu.

Bamvua: Vituo vifuate vyanzo: mifereji inayotoka kwenye makazi ya mabati (zinki), panapopakwa rangi za boti (shaba), panapotupwa betri (risasi), na kimoja mbali na vyote. Chupa ziloweke kwenye nitriki asilimia 10 usiku kucha.

Viwango vya tahadhari vya Marekani, mg kwa kila kilo ya mashapo makavu: shaba 34, risasi 46.7, zinki 150, kadimiamu 1.2. Si sheria ya Tanzania. Ukivuka, pima pia chaza wa eneo hilo kabla ya kuwaambia wavuvi lolote.