Mrejesho: feni ya rejeta na relei inayolia "tik"

Jamani, niliuliza kwa nini feni ya rejeta haizunguki gari likichemka kwenye foleni ya feri Likoni, ilhali relei (swichi ya umeme inayowasha feni) inalia "tik". Ahsanteni sana, tatizo limepatikana.

Koili ya relei (waya uliozungushwa unaovuta swichi ya ndani), pini 85 na 86, ilisoma omu 80, iko sawa. Tukaipa volti 12 za betri, ikalia. Lakini kati ya pini 30 na 87, zinazopitisha umeme wa feni, mita haikuonyesha njia kabisa! Kumbe mlio ni wa kisahani cha ndani kuvutwa na koili tu, si hakikisho kwamba umeme unapita. Fundi akafungua kifuniko: ncha za ndani nyeusi, zimelika. Soketi nayo ina kutu ya kijani. Chumvi ya pwani haina huruma. Tumesafisha soketi, tumeweka relei mpya, feni inazunguka.