Fundi wa hapa Kigoma kapiga TINDO kwenye mikisa ya bi mkubwa!!

Wakuu nimetoka pale sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Nyie wa Mwanga huyu fundi mnamjua, sina haja ya kumtaja, ukikaribia sokoni unaanza kumsikia ndo unamuona. Nimempelekea mikisa ya bi mkubwa, ile mashine ya kukorogea keki, nzito ya zamani ya Kiingereza, mota inazunguka safi kabisa, shida skrubu za chini tu, kutu imezila. Nikamwambia fundi hizo usilazimishe, zimwagie mafuta zilale mpaka kesho. Akajibu sawa bosi. Nageuka kununua maji nasikia KO! Tindo. Tindo la kuvunjia ukuta jamani, kwenye mikisa iliyokoroga keki za harusi za nusu ya Ujiji.

Bodi limepasuka kuanzia kwenye tundu mpaka ukingoni, ufa unapitisha kucha. Na skrubu yenyewe IMEBAKI HUMO HUMO, kichwa kimeruka mwili umebaki. Halafu ananiambia "chuma kimezeeka bosi". Kimezeeka! Meli ya Liemba Wajerumani waliizamisha 1916 hapa hapa ziwani, ila kwanza waliipaka mashine grisi nzito, ikaibuliwa 1924, mwaka 1927 ikarudi kazini. Meli imelala chini ya maji miaka yote ile na ikafufuka, yeye skrubu za kukaa kabatini zimemshinda mpaka akashika TINDO.

kibirizi_kwetu: Umeacha mali ya urithi kwa fundi baiskeli ukaenda kununua maji 😂😂

Mleta uzi: Sio fundi baiskeli, ana kibao kabisa kimeandikwa FUNDI VITU VYOTE

mtoto_wa_kasulu: Sasa si kibao kilishakwambia

mzee_wa_gereji: Kijana pole. Skrubu ya chuma ndani ya aluminiamu, ukiongeza na unyevu wa ziwa, vinaumana kama vimechomelewa. Unaweka mafuta ya kupenya, dizeli pia inasaidia, unaacha ilale. Asubuhi unagonga bisibisi kidogo kidogo, unaanza kwa KUKAZA kiduchu ndo unalegeza, na bisibisi ijae kwenye kichwa isicheze. Ikigoma unapasha joto lile bodi, aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwahiyo tundu linaachia. Kichwa kikiliwa unachonga mfereji mpya kwa msumeno wa chuma. Hiyo iliyobaki humo toboa katikati kwa drili, taratibu.

Mleta uzi: Mzee asante sana ila haya angeyasikia yeye kabla hajashika tindo. Hata bisibisi hakujaribu!! Ilikuwa mezani, naiona kwa macho yangu, mkono ukaipita ukaenda kwenye tindo

dagaa_mkavu: Nina swali, ulimlipa?

Mleta uzi: Nusu. Na amegoma kurudisha

dagaa_mkavu: 🤣🤣🤣 nalala mimi

nyuki_tabora: Afadhali yako una ufa. Huku Tabora nimepeleka friji, fundi kasema gesi imeisha, nimerudi kompresa haipo, eti "ilikuwa inapiga kelele". Sasa friji kimya kabisa natunzia asali

mama_mawese: Mafundi wote mama yao mmoja. Kuna yule mshona nguo wa Ujiji, nimempa kitenge cha doti nzima, kanirudishia gauni la kumtosha mwanangu wa darasa la pili na kipande kilichobaki nimekiona mke wake kajifunga kilemba msibani

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye tindo

kibirizi_kwetu: Msibani!! 😭 Ukamwambia nini?

mama_mawese: Ningesema nini na maiti ipo ndani? Nimelia kuliko wafiwa

mtoto_wa_kasulu: Ngoja, huyo mshona nguo ni yule mwenye cherehani mbili barazani na redio haizimwi? Ana suruali yangu tangu Idi

mama_mawese: Huyo huyo. Inaishia kwenye magoti hiyo, jiandae