Msitu wenye njia za kutembea na ziwa, karibu na Mombasa?

BintMajengo
Assalam aleikum jamani. Mamangu ana sukari na daktari kamwambia atembee. Tumekuwa tukimpeleka ufuo wa Pirates alfajiri, lakini mchanga unazama na magoti yanamsumbua. Mama Ngina, pale kando ya bahari mjini, nako sakafu ngumu, jua la kuchoma, na kila muuza mihogo ni mtu anayemjua tangu zamani, basi tunakaa kupiga soga na matembezi yanaishia hapo.

Dada yangu yuko Nairobi, na kila Jumapili anatutumia picha za msitu wa Karura: miti, njia nyekundu, ile Lily Lake. Mama kaziangalia mpaka kauliza, "Kwani sisi huku hatuna?" Nataka mahali penye kivuli, njia inayoeleweka na maji ya kutazama (mwanangu wa miaka tisa kashikilia lazima kuwe na ziwa). Tunatoka Majengo na hatuna gari. Mama haogopi tumbili, anaogopa ndovu. Je, hifadhi ya Shimba Hills, kule Kwale, itamfaa?

MwalimuMstaafu
Wa aleikum salaam binti yangu. Tunao msitu, tena umepandwa kwa mkono juu ya shimo la mawe. Nendeni Bamburi kwenye zile njia ziitwazo Forest Trails, mbele kidogo ya Haller Park ukielekea Mtwapa. Usichanganye hizo mbili. Haller Park ni ya viboko, twiga na makobe, na mtoto atataka kusimama kila mahali. Ndiko alikokuwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamganda kobe mzee kana kwamba ni mamake. Kijana mpelekeni siku yake. Mkitaka kutembea hasa, ni Forest Trails.

Nimepeleka watoto wa shule huko Bamburi miaka mingi, na kitu cha kwanza nilichokuwa nikiwaonyesha ni ukuta. Tazameni pembeni, mtaona jabali limesimama wima kupita kimo cha mtu. Ile juu yake ndiyo ardhi ilivyokuwa zamani. Kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha 1954, na jiwe lake ni matumbawe, mwamba wa bahari wa zaidi ya miaka 100,000. Sogea karibu utaona makome yamegandia humo humo. Walivyochimba ndivyo walivyozidi kushuka, mpaka wakayakaribia maji ya chini ya ardhi, na ndiyo asili ya mabwawa yaliyopo. Kwa hiyo huyo kijana asitarajie ziwa la kutoona ng'ambo. Ni mabwawa, lakini yana perege, na yangeyange wanasimama ukingoni kuwavizia. Mimi naona yanatosha.

Miti nayo ina hadithi yake, na hii Mama ataipenda. Mwaka 1971, René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi na kiwanda hicho, alianza kujaribu kupanda kwenye lile jangwa jeupe. Alijaribu aina 26 za miti, zikashika tatu tu, mnazi na mvinje (casuarina) zikiwamo. Mvinje ndio uliotamba, maana mizizi yake huishi na vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani. Haungoji udongo mzuri. Tatizo likawa majani: yanaanguka kwa wingi na hayaozi upesi. Ndipo wakaletwa majongoo, hawa hawa weusi wenye miguu myekundu mnaowaruka barazani. Wakayala yale majani, wakayageuza mboji, na udongo ukapatikana kidogo kidogo hadi miti mingine ikaota. Nikimwona mtu anakanyaga jongoo pale naudhika kweli.

Sasa magoti. Chini kumetandikwa majani ya mvinje, kwa hiyo mguu unatua pakavu, palaini, na hauzami. Cha kuangalia ni yale matunda yake madogo makavu yenye vimiba, yanaviringika chini ya kiatu kama shanga. Mvalishe raba zenye meno, ndara aziache nyumbani, na buibui lipande juu ya kifundo.

Nendeni asubuhi. Pale ni shimoni: kusi linapita juu kwenye vilele, mnasikia mivinje inavuma huku nyinyi chini mnatoka jasho. Ikishafika saa tano ni mvuke mtupu. Na jioni kando ya mabwawa mbu hawana adabu.

WaKwaleJuu
Dada, Shimba Hills ni pazuri, na nasema hivi si kwa sababu ni kwetu. Lakini kwa Mama, hapana. Kwenda maporomoko ya Sheldrick mnashuka kwa miguu na askari mwenye bunduki, kwa sababu ndovu wapo kweli. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda kurudi, nimewaona vijana wa mazoezi wamekaa chini wakijifanya wanapiga picha. Na bila gari utahangaika, kutoka getini mpaka kwenye matembezi yenyewe ni mbali.

Kijana akikua mlete, maana Kenya nzima palahala wa porini wako huku tu. Hapo mkumbuke malipo ya KWS (shirika la wanyamapori) ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, noti hawapokei. Na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutupa ni marufuku kwenye hifadhi, mje na chupa zenu za kujaza.

PediNyali
Mwalimu kamaliza, ila kasahau kutaja baiskeli. Wikendi asubuhi tunazipita hizo hizo njia, na wapo wenzangu wasiojua kupiga kengele. Kama mnaweza, nendeni siku ya kazi. Mkikutana nasi, Mama akae upande mmoja wa njia wala asihangaike kukimbilia upande wa pili. Sisi tutamkwepa.

Mtu akikutajia Nguuni, upande wa Kiembeni, ni kweli kuna maji na ndege, na mbuni, pofu na twiga. Lakini kule ni nyasi na mikoma, kivuli hakuna. Kwa Mama yenu siyo.

BintMajengo
Asanteni sana, Mwalimu Mungu akuweke. Maswali mawili tu. Je, akichoka katikati tunafanyaje, ni lazima tumalize njia nzima? Na tukibeba mahamri, hao tumbili?

MwalimuMstaafu
Si lazima mmalize chochote. Njia zimewekwa alama, kuna fupi na ndefu. Muulizeni mlinzi getini iliyo fupi na inayopita bwawani, muanze na hiyo. Akichoka mrudi mlikotokea, hakuna anayewahesabia. Mimi ningemtembeza nusu ya anachosema anaweza, maana wazee wetu wakiona miti hujisahau, na maumivu ya magoti huja usiku.

Na la sukari usilifanyie mzaha. Asitoke na njaa. Kama anameza dawa au anadungwa sindano, muulizeni daktari kuhusu saa za kula siku ya matembezi, na mfukoni mwako kuwe na tende au juisi ya boksi. Akianza kutetemeka au kutokwa na jasho la baridi, mpe hapo hapo, msingoje mfike kwenye benchi.

Tumbili wanajua mfuko wa karatasi una nini kabla hujaufungua. Mahamri yakae kwenye mkoba wa zipu, mbaazi kwenye chombo chenye kifuniko, na msile mkitembea. Akimkaribia kijana, asimtupie chakula. Akimtupia mmoja, watakuja wote.

Gari pandeni la Mtwapa, mwambieni makanga Forest Trails mapema, kabla hamjafika kiwandani, la sivyo mtapitishwa. Bebeni vitambulisho, bei ya mwananchi si sawa na ya mgeni. Na saa za kufungua ulizeni kabla ya kutoka nyumbani.